Mota mizunguko 1440, rola mizunguko 20: meno ya gia za mashine ya miwa yapangweje?

ChumaMoto

Wakuu habari za kazi. Naunda mashine ya kukamua miwa ya rola tatu, moja juu na mbili chini. Mota ni ya fezi moja, hosipawa 1.5 (kilowati 1.1), mizunguko 1440 kwa dakika. Rola zina kipenyo cha milimita 100 na urefu wa milimita 200. Nataka zizunguke kama mara 20 kwa dakika.

Rasimu yangu ni hii: mkanda kutoka puli ya 75 kwenda puli ya 300, kisha gia ya meno 18 inazungusha ya 72, kisha nyingine ya 18 inazungusha ya 81. Jumla napata kupunguza mara 72.

Ninachoomba kueleweshwa: vitabu vya shule vinasema gia ni mashine rahisi na inaongeza nguvu. Kama ni hivyo, kwa nini nisinunue mota ya nusu hosipawa nikaongeza gia? Na kwa nini nisipunguze kwa mara moja tu, badala ya hatua tatu? Halafu ukubwa wa meno unachaguliwaje, maana kuna gia za skrepa zinauzwa kwa bei nzuri. La mwisho, rola zikitanuliwa kidogo ili mua mnene upite, gia za rola si zitaachana?

---

Kani_na_Kazi

Mkuu ChumaMoto, nianze na hilo la kuongeza nguvu, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi.

Neno "nguvu" mtaani linabeba vitu viwili. Kuna kani, yaani jinsi kitu kinavyosukuma au kusokota, na kuna kasi ya kufanya kazi, ile inayopimwa kwa wati au hosipawa. Gia huongeza kani ya kusokota. Wati haiongezi hata moja. Kinyume chake, inapunguza kidogo kwa sababu ya msuguano.

Tazama gia mbili zinapokutana. Chukua ya meno 18 na ya meno 72, zote za moduli 3 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino; wenzangu watakieleza). Kutoka katikati ya shafti hadi pale meno yanaposukumana, gia ndogo ina milimita 27 na kubwa ina milimita 108. Jino la ndogo linasukuma jino la kubwa kwa kani fulani, na kani hiyo ni ile ile pande zote mbili. Kinachobadilika ni urefu wa mkono. Kani ile ile ikishika mkono wa milimita 108 badala ya 27, usokotaji wake unakuwa mara 4. Huo ni wenzo tu, isipokuwa jino moja likimaliza zamu yake linalofuata linashika, kwa hiyo wenzo haufiki mwisho. Malipo yake ni kasi: gia ndogo izunguke mara 4 ndipo kubwa izunguke mara 1.

Sasa weka hesabu ya mashine yako. Usokotaji wa mota kwa Nyuton mita ni 9550 mara kilowati, gawanya kwa mizunguko ya dakika. 9550 × 1.1 ÷ 1440 ni 7.3. Huo ni mdogo mno, mua mmoja unatosha kuukwamisha. Ukizidisha kwa 72 unapata 525. Lakini mkanda hula kama asilimia 5, na kila jozi ya gia za wazi zilizochongwa katika karakana za kawaida hula kama asilimia 4. Kwa hiyo kwenye rola unafika kama Nyuton mita 460. Kwenye ngozi ya rola, milimita 50 kutoka katikati, hiyo ni kani ya Nyuton 9200, karibu uzito wa kilo 940. Ngozi hiyo inatembea mita 6.3 kwa dakika.

Ukiweka mota ya nusu hosipawa, ambayo ni theluthi ya hiyo yako, unaweza kabisa kupata Nyuton mita 460 zile zile. Itabidi upunguze mara 216 badala ya 72, na rola zitazunguka chini ya mara 7 kwa dakika. Mua utapita, ila glasi moja ya juisi itachukua mara tatu ya muda. Hata mtu kwa mkono anaweza: mtu mzima anayezungusha kwa muda mrefu hutoa takriban wati 75, na kwa gia za kutosha atakamua mua ule ule rola zikienda mara 1.4 kwa dakika. Mteja atakuwa ameshaondoka.

Kuhusu hatua moja badala ya tatu: gia ndogo haifai kushuka sana chini ya meno 17, kwa sababu kikata meno huanza kula shina la jino na kulidhoofisha. Chukua 18. Ili upunguze mara 72 kwa jozi moja, gia kubwa itahitaji meno 1296. Kwa moduli 3 kipenyo chake ni mita 3.9. Ndiyo maana tunagawa: 4 × 4 × 4.5. Kwa meno ya kawaida usivuke 5 au 6 kwa hatua moja.

Kama unataka kuwaonyesha vijana wa karakana jambo hili kwa macho, funga ngoma mbili zenye kipenyo sawa, moja kwenye shafti ya gia ya 18 na moja kwenye ya 72. Ning'iniza kilo 4 kwenye ngoma ya gia kubwa. Kama kusingekuwa na msuguano, kilo 1 upande wa gia ndogo ingetosha kuishikilia. Ongeza uzito polepole mpaka mzigo uanze kupanda. Ikihitajika kilo 1.1, manufaa ya kimakanika ni 4 ÷ 1.1, yaani 3.6, uwiano wa kasi ni 4, na ufanisi ni 3.6 ÷ 4, kama asilimia 90. Jaribio hilo hilo litakwambia pia kama beringi zimebanwa mno, kabla hujafunga mota.

---

Fundi_Moduli

Amemaliza upande wa nadharia vizuri. Mimi niingie kwenye meno.

Kabla ya yote, badilisha hiyo 18 kwa 81. Si kwamba hesabu ni mbaya. Tatizo ni kuchonga. Kichwa cha kugawia (kifaa kinachogeuza gia kwa hatua sawa wakati wa kukata meno) cha kawaida huzungushwa mara 40 ili kazi izunguke mara moja. Kwa meno 81 unahitaji 40 ÷ 81 ya mzunguko kwa kila jino, na sahani za matundu za kawaida hazina duara la matundu 81. Fundi atakayekubali kazi hiyo bila kuuliza, ana hatari ya kukadiria, na jino la mwisho litatoka nene au jembamba kuliko mengine. Weka 20 kwa 90. Uwiano ni ule ule 4.5. Kwa 90 anasogeza matundu 8 kwenye duara la 18. Kwa 20 anazungusha mizunguko 2 kamili kila jino. Ile 18 kwa 72 haina shida: 72 ni matundu 10 kwenye duara la 18, na 18 ni mizunguko 2 na matundu 4 kwenye duara hilo hilo. Sahani moja inamaliza kazi yote.

Moduli ni kipenyo cha duara la kukutania (pale meno yanaposukumana) gawanya kwa idadi ya meno. Gia mbili haziwezi kufanya kazi pamoja kama moduli zinatofautiana, hata kama kwa macho meno yanaingiana. Kwa mashine yako ningeweka moduli 3 jozi ya kwanza na moduli 4 jozi ya pili. Vipimo vya kupeleka karakana:

Jozi ya kwanza, moduli 3, upana wa jino milimita 30. Gia ya 18 kipenyo cha nje 60, gia ya 72 kipenyo cha nje 222, kina cha jino 6.75, shafti hadi shafti 135.

Jozi ya pili, moduli 4, upana milimita 40. Gia ya 20 kipenyo cha nje 88, gia ya 90 kipenyo cha nje 368, kina cha jino 9, shafti hadi shafti 220.

Kanuni zake: kipenyo cha nje ni moduli mara (meno + 2); kina ni moduli mara 2.25, umbali wa shafti ni moduli mara jumla ya meno ya gia zote mbili, gawanya kwa 2.

Jozi ya pili ndiyo inayobeba mzigo. Nyuton mita 460 kwenye gia yenye nusu kipenyo cha milimita 180 ni Nyuton 2556 kwenye jino, kama kilo 260. Mkazo kwenye shina la jino la gia ndogo unakuja kama megapaskali 50. Mzigo ukiwa tulivu, hata chuma cha kusubu (cha kumiminwa kwenye kalibu) kinastahimili. Lakini mkamuaji akisukuma miwa minne kwa pamoja, mota kabla ya kukwama hutoa mara mbili au zaidi ya usokotaji wake wa kawaida. Mkazo unaruka hadi 120 na kitu, na chuma cha kusubu hapo kinaweza kukatika bila kupinda kwanza. Kwa hiyo gia ndogo zote mbili zichongwe kwenye chuma cha kaboni ya kati, kile kinachoitwa C45 au EN8. Gia kubwa ya 90 nayo iwe ya chuma cha kawaida kilichokatwa kwenye sahani nene. Usiikubali ya kusubu hapo, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Jambo linaloharibu gia nyingi za kuchonga ni kikata meno. Umbo la jino la gia ya meno 18 si sawa na la gia ya meno 90, hata kama moduli ni moja. Kwa hiyo kila moduli ina seti ya vikata 8. Kwenye vikata vya moduli, namba 3 inakata meno 17 hadi 20, na namba 7 inakata 55 hadi 134. Wewe unahitaji namba 3 na namba 7 za moduli 3, na namba 3 na namba 7 za moduli 4. Karakana nyingi zina kikata kimoja au viwili vya kila moduli na hukitumia kwa gia zote. Gia itazunguka, ndiyo, lakini italia na kula meno. Waulize wana namba zipi kabla hujalipa chochote. Na uwe macho: kwenye mfumo wa inchi namba zimepinduliwa, 17 hadi 20 ni namba 6, na 55 hadi 134 ni namba 2.

---

Fundi_Moduli

Naongeza kuhusu gia za skrepa, nilisahau.

Hesabu meno, pima kipenyo cha nje kwa vernia (kipimio cha taya mbili), gawanya kwa (meno + 2). Mfano, meno 42 na kipenyo 110: 110 ÷ 44 ni 2.5, hiyo ni moduli 2.5 safi. Ukipata 111.8 kwa meno yale yale, jibu ni 2.54, na hiyo si moduli 2.5 iliyochongwa vibaya. Ni gia ya inchi, yenye meno 10 kwa kila inchi ya kipenyo (25.4 ÷ 10). Mashine za zamani za Uingereza zimejaa hizo. Usizichanganye. Tofauti ya 0.04 inaonekana ndogo, lakini kwenye gia ya meno 72 kipenyo cha kukutania kinatofautiana kwa karibu milimita 2.9.

Gia ikiwa na idadi ya meno isiyogawanyika kwa 2, vernia itakudanganya, maana ncha ya jino moja inatazamana na pengo. Pima kutoka ukingo wa tundu la shafti hadi ncha ya jino, ongeza nusu ya kipenyo cha tundu, kisha zidisha kwa 2.

Jambo jingine ni pembe ya msukumo. Gia za sasa ni nyuzi 20. Za zamani nyingi ni 14.5, na meno yake yana shina jembamba na ubavu uliosimama zaidi. Moduli zikilingana na pembe zikatofautiana, meno yanaingiana vizuri mkononi, ila chini ya mzigo yanagusana kwa ncha tu na kulika haraka. Ukinunua skrepa, nunua jozi iliyotoka kwenye mashine moja. Gia moja moja ya kuokoteza mimi siishauri kwa kitu kinachobeba kilo 260 kwenye jino.

---

GrisiNaBeringi

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, gia nzuri ikifungwa vibaya haifiki mwezi. Nieleze ufungaji.

Shafti. Ile ya rola ya juu inayobeba Nyuton mita 460 iwe milimita 45, na kii (kipande cha chuma kinachofunga gia kwenye shafti) ya 14 kwa 9, urefu wa milimita 60. Shafti ya kati inayozunguka mara 90 inabeba kama 106, hiyo milimita 30 inatosha na kii ya 8 kwa 7. Shafti ya puli kubwa, 25, kii ya 8 kwa 7 pia. Kwenye gia ndogo ya moduli 3 angalia nyama inayobaki kati ya mfereji wa kii na shina la jino: kwa shafti ya 25 inabaki kama milimita 7. Isishuke chini ya mara 2 ya moduli, yaani 6. Ukiamua kuweka shafti ya 30 hapo, gia itapasuka kwenye kona ya mfereji wa kii.

Beringi za shafti za 25 na 30 ni UCP205 na UCP206, zile zinazokuja na nyumba yake ya kufungwa kwa bolti. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate kipenyo cha shafti. Ila rola ya juu usiifunge kwa UCP iliyokaa juu ya fremu. Miwa inasukuma rola hiyo kwenda juu, na nyumba ya UCP imeundwa kukandamizwa, si kuvutwa. Itapasuka masikioni. Weka sahani mbili za pembeni za milimita 16, kata dirisha, tia ndani yake bloku yenye bushi ya shaba nyeusi, na bolti ya M20 juu yake ya kurekebisha.

Umbali wa shafti. Hizo 135 na 220 ni za hesabu. Meno yakikutana bila nafasi kabisa yatabana, chuma kikipata joto kitabana zaidi, na beringi ndizo zitakazolipa. Acha uchezaji kidogo, kama milimita 0.15 kwa moduli 3 na 0.2 kwa moduli 4. Njia isiyohitaji kifaa: karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Ingiza vipande viwili pamoja kati ya meno, sukuma shafti mpaka ikae, kaza bolti, kisha zungusha gia utoe karatasi. Itoke imekunjamana, isiwe imekatika. Rudia sehemu nne za gia kubwa, kila robo mzunguko. Upande mmoja ukibana na wa pili ukilegea, tundu la gia halikuchongwa katikati, na hakuna kurekebisha fremu kutakakoponya hilo. Irudishe karakana.

Kisha paka wino au rangi nyepesi kwenye meno matano ya gia ndogo, zungusha kwa mkono ukiwa umeizuia kidogo gia kubwa, tazama alama. Inatakiwa ikae katikati ya upana wa jino na katikati ya kimo. Ikiwa ukingoni upande mmoja, shafti hazipo sambamba. Weka shimu (kipande cha bati jembamba) chini ya beringi ya upande unaohitaji. Jino la milimita 40 linaloguswa kwa milimita 10 tu linabeba mzigo mara nne.

Baadaye meno yenyewe yatakuambia shida iko wapi. Jino likikatika shinani na mkatiko wake una chembechembe zinazong'aa, ni kishindo: miwa mingi kwa pamoja, au kipande cha chuma kimeingia. Mkatiko ukiwa na mistari kama mawimbi na sehemu ndogo tu yenye chembe, ufa ulianza zamani na umekuwa ukikua kidogo kidogo kwa mzigo wa kila siku. Vishimo vidogo katikati ya kimo cha jino ni mzigo mkubwa au grisi haitoshi. Mikwaruzo kwenye ncha ni ukavu. Jino likichongoka kama kisu pande zote, mchanga umechanganyika na grisi.

Kwa mashine ya miwa hilo la mchanga ndilo adui mkubwa. Miwa huja na udongo, juisi huruka, ikikauka inakuwa gundi inayoshika vumbi, na yenyewe ina asidi kidogo inayokula chuma. Gia zote zikae nyuma ya sahani ya pembeni, ndani ya kava iliyofungwa, na shafti ya rola iwe na pete ya mpira inayozuia juisi kufuata shafti. Kasi ya meno ni ndogo, jozi ya pili haifiki hata nusu mita kwa sekunde, kwa hiyo grisi nzito inayonata inatosha, ipakwe kila asubuhi baada ya kufuta ya jana. Kwa gia za rola zilizo jirani na juisi, tumia grisi ya viwanda vya chakula. Watu wanakunywa kile kinachotiririka pale.

---

ChumaMoto

Shukrani sana wakuu. Nimebadilisha kuwa 20 kwa 90. Bado lile la gia za rola tatu zinapotanuliwa. Na je, boksi la gia la minyoo (skrubu inayozungusha gurudumu la meno) lililo tayari, 1 kwa 60, lisingenipunguzia kazi yote hii?

---

Fundi_Moduli

Gia za rola ziwe 1 kwa 1, meno 17, moduli 6, upana milimita 50. Kipenyo cha kukutania ni 102, kwa hiyo rola za 100 zikiwa na pengo la milimita 2 gia zinakutana sawasawa. Gia ya rola ya juu inashika zote mbili za chini, na kwa kuwa gia mbili zikigusana huzunguka kinyume, rola mbili za chini zitazunguka upande mmoja na ya juu upande wa pili. Ndivyo unavyotaka, mua unavutwa ndani. Huhitaji gia ya katikati. Ungeiweka ingebadilisha upande wa kuzunguka tu, uwiano usingeguswa.

Kwa nini moduli 6, wakati mzigo pale ungebebwa na ndogo zaidi? Kwa sababu ya kutanuka. Gia hukubali kusogezwa mbali kidogo bila kuharibu uwiano, huo ni uzuri wa umbo la meno haya, mradi jino jipya lishike kabla la zamani halijaachia. Kwa moduli 6 meno 17 unaweza kusogeza shafti milimita 3, hadi 105, na bado kuna kushikana. Ukifika 4, kunakuwa na muda mfupi ambapo hakuna jino lililoshika, na mashine inaanza kugonga. Kwa moduli 3 meno 34, kipenyo kile kile, mwisho wako ni milimita 2. Kwa hiyo panga pengo la kuingilia milimita 5 (shafti 105) na la kutokea milimita 2 (shafti 102), na uweke kizuizi kwenye bolti ya kurekebisha ili mtu asifungue zaidi. Uchezaji pale penye 105 utakuwa kama milimita 2.2. Utasikia gia zikigonga rola zikienda tupu, mua ukiingia zinanyamaza.

---

Kani_na_Kazi

Kuhusu boksi la minyoo: 1 kwa 60 itakupa rola mizunguko 24, hilo ni sawa. Lakini humo meno hayasukumani kwa kubiringika, yanateleza. Ufanisi kwa uwiano mkubwa hivyo huwa kama asilimia 60 hadi 70. Kwa 65, Nyuton mita 7.3 × 60 × 0.65 ni 285, ukilinganisha na 460 za gia zako. Na asilimia 35 ya kilowati 1.1, karibu wati 385, zinageuka joto ndani ya boksi. Mashine ikikamua mfululizo mchana kutwa, mafuta yanakuwa mepesi na gurudumu la shaba nyeusi linalika. Kwa kazi ya vipindi linafaa, na linachukua nafasi ndogo. Ukilichagua, nunua la ukubwa unaohimili Nyuton mita 300 na zaidi, usitazame uwiano peke yake. Kuna jingine la kulijua: kwa uwiano huo rola haiwezi kuzungusha mota kinyume. Kitu kikibanwa kati ya rola, huwezi kukirudisha kwa kuvuta.

---

GrisiNaBeringi

Hilo la kubanwa lisipite kimyakimya. Kilo 940 kwenye ngozi ya rola, sentimita 10 kwa sekunde. Vidole vikishikwa, sekunde moja na nusu ni kiganja kizima.

Mdomo wa kuingizia uwe bomba au sanduku lenye urefu wa sentimita 40 kutoka ukingoni hadi rolani, na tundu lisilopitisha mkono, linalopitisha mua mmoja au miwili tu. Hilo linalinda pia meno ya gia, maana miwa minne haiingii. Weka kitufe cha kuzima kikubwa chekundu pale anapofikia kwa goti au nyonga, mikono ikiwa kazini. Weka swichi ya kurudisha nyuma, ila ujue mota ya fezi moja yenye kapasita ya kuwashia haigeuki ikiwa bado inazunguka: ukiigeuza swichi haraka, itaendelea mbele ile ile. Isimame kwanza. Kwa hiyo weka pia mpini wa kuchomeka wa kuzungusha kwa mkono shafti ya puli kubwa; usipotumika uchomolewe, ubaki umening'inia kando ya mashine. Kutoka hapo hadi rola ni mara 18, mtu mmoja anarudisha rola bila kutumia nguvu nyingi.

Mkanda uache pale pale mwanzoni, usiubadilishe na gia au mnyororo. Usokotaji bado ni mdogo pale, na mzigo ukizidi unateleza kabla jino halijakatika. Kwa puli ya 75 weka mikanda miwili ya aina A, mmoja hautabeba kilowati 1.1 kwa muda mrefu. Ukaze kiasi kwamba ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba ushuke kama unene wake. Ukikaza kupita hapo, hautateleza siku unapouhitaji uteleze.